Mkuki umemkosa samaki changu kwa sababu mwanga umepinda
Mdogo wangu, umeuliza kwa nini changu uliyemlenga ukiwa kwenye ngalawa pale Tudor, Mombasa, hakuwa pale ulipomwona. Hapo mwanga haukuakisiwa, umepinda. Kuakisiwa ni ule mmeremeto wa jua la jioni kwenye maji ya Likoni: mwanga umedunda ukabaki hewani.

Hewani mwanga huenda kasi takriban mara 1.33 ya majini, basi ukitoka majini kwa mshazari hupinda. Jicho halina habari, linafuata mstari ulionyooka. Samaki aliye mita 4 chini, ukimtazama wima, huonekana yuko karibu mita 3! Mvuvi mzoefu hulenga chini ya pale anapomwona.

Tia kijiko kwenye glasi ya maji, ukitazame ubavuni: kimevunjika palepale maji yanapoanzia.