Maswali ya Wasomaji: Shimo la Kuvizia Bata Bukini

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni mzaliwa wa Kigoma, na huu ni mwaka wangu wa sita nikiishi Nebraska, Marekani. Mkulima mmoja mwenye shamba la mahindi karibu na mto Platte ameturuhusu, mimi na wenzangu watatu, tuchimbe shimo la kuvizia bata bukini shambani mwake kabla ya majira ya baridi. Mwenzetu mmoja, ambaye ni fundi wa kuchomelea, anataka kutengeneza sanduku la chuma lisilopitisha maji hata tone. Wa pili anasema mbao zinatosha, na wa tatu amesikia kwamba sheria inakataza kabisa maficho ya namna hii. Tumfuate nani, na shimo liwe la kina gani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na hofu ya mwenzenu wa tatu, kwa kuwa ina chanzo chake. Sheria ya shirikisho inakataza kuwinda ndege wanaohama kwa kutumia chombo kinachoelea majini ambacho humficha mtu chini ya usawa wa maji. Shimo lililochimbwa nchi kavu halimo katika katazo hilo. Yanayowahusu ninyi ni mengine: leseni ya jimbo pamoja na ada zake, stempu ya shirikisho ya bata, yaani kibali cha kulipia cha kuwinda ndege wa majini, iliyoanza mwaka 1934 na inayomlazimu kila mwindaji wa miaka 16 na zaidi, bunduki isiyobeba risasi zaidi ya tatu, na marisau yasiyo ya madini ya risasi, kanuni ambayo imetumika nchi nzima tangu mwaka 1991.

Sasa tuje kwenye ubishi wa chuma na mbao. Nyote mnafikiria namna ya kuwaficha watu wasionekane na bata, ilhali kinachoharibu mashimo ya bonde la Platte ni maji. Ardhi ya huko ni ya kichanga na kokoto, na maji ya ardhini yako karibu sana na uso wa nchi, hasa theluji inapoyeyuka. Sanduku lisilopitisha maji likizikwa katika ardhi ya aina hiyo huwa ni mtumbwi uliofukiwa, na siku maji yatakapopanda litataka kuelea.

Pigeni hesabu wenyewe. Sanduku la watu wanne lenye urefu wa mita 3.6, upana wa mita 1.2 na kina cha mita 1.4, maji ya ardhini yakilifikia nusu tu ya kina hicho, husukumwa juu kwa nguvu ya tani 3. Sanduku lenyewe, likitengenezwa kwa bati la chuma la milimita 3, lina uzito wa kilo zipatazo 420. Nililiona jambo hili kwa macho yangu mwezi Machi wa mwaka mmoja, nilipokuwa mgeni wa mkulima katika bonde hilohilo: sanduku lililozikwa vizuri kiangazi kilichotangulia lilikuwa limeinuka upande mmoja kufikia usawa wa goti, vifuniko vimepinda kwenye bawaba, na udongo umeporomoka na kujaa chini yake, hata haikuwezekana kulirudisha bila kulichimbua upya.

Kwa hiyo, kabla fundi hajawasha mashine yake, tobozeni ardhi kwa keekee ya mkono mpaka kina cha mita 2, mahali mnapopataka, kisha mrudi kesho yake mpime maji yamesimama wapi. Mkipima mwishoni mwa kiangazi, kumbukeni kwamba maji ya majira ya kuchipua yatakuwa juu zaidi. Mkiyakuta karibu, hamieni sehemu ya shamba iliyoinuka, hata ikiwa bata huonekana zaidi bondeni. Nawasihi msilione jambo hili kuwa dogo, kwa sababu kosa la mahali halirekebishwi na ufundi wowote.

Mkipata mahali pakavu, mimi nachagua chuma, kwa masharti mawili. La kwanza, fundi achomelee ukingo wa sentimita 30 kuzunguka kitako chote, ili udongo utakaorudishwa juu ya ukingo huo ulikandamize sanduku; peke yake utaongeza uzito wa tani kadhaa. La pili, aweke tundu lenye kizibo kwenye sakafu, nanyi mlizibue kila msimu unapokwisha ili maji yakipanda yaingie ndani badala ya kuliinua. Kwenye kona moja pawe na kishimo cha kuwekea pampu ndogo. Mbao zilizotiwa dawa, zikiwekwa juu ya kokoto bila sakafu, haziwezi kuelea, lakini miguu yenu italowa, na kuta zisipokazwa kwa mihimili udongo utazibinya ndani baada ya misimu michache.

Kabla ya kuchimba, pigeni simu namba 811 siku chache za kazi mapema, ili mabomba na nyaya za chini ya ardhi ziwekewe alama. Huduma hiyo ni bure. Hata hivyo, nyaya na mabomba ya mkulima mwenyewe yanayohudumia mtambo wa umwagiliaji unaozunguka huenda yasiwekewe alama, hivyo mwombeni awaonyeshe yanapopita, pamoja na njia za magurudumu ya mtambo huo. Sanduku liundwe juu, kisha literemshwe kwa mashine, na mtu yeyote asiingie katika shimo lisilo na kuta za kuzuia udongo. Meta moja ya ujazo ya udongo ina uzito unaozidi tani moja na nusu, na kichanga hakitoi onyo kabla ya kuporomoka.

Kuhusu kina, mita 1.4 zinatosha. Benchi liwe na kimo cha sentimita 40, ili kichwa cha mtu aliyeketi kibaki chini ya kifuniko, na mbele yake pawe na kidaraja cha sentimita 20 ambacho mwindaji atasimama juu yake wakati wa kufyatua, mtutu upite juu ya ardhi bila kugusa ukingo. Bata bukini hutua wakiukabili upepo, na upepo wa baridi huko hutoka mara nyingi kaskazini-magharibi. Upande wa mbele ungefaa kutazama kusini-mashariki, lakini huko ndiko jua la Desemba linakochomoza, kwa hiyo geuzeni kidogo kuelekea kusini. Bata bandia wapangwe wakiacha uwanja mtupu mbele yenu, mita 20 hivi.

Udongo wa juu utengwe na ule wa chini, urudishwe wa mwisho, na unaobaki usombwe kabisa, kwa maana tuta jipya lenye rangi tofauti huonekana wazi kabisa na ndege aliye angani. Vifuniko vifunikwe kwa mabua ya shamba hilohilo, lakini yavuliwe magunzi yote yenye punje. Sheria inaruhusu maficho ya mabua mradi yasimwage nafaka, na mahali palipowekwa nafaka ya kuwavutia ndege hapawindwi mpaka siku 10 zipite tangu ilipoondolewa yote.

Jiko la gesi msiliwashe vifuniko vikiwa vimefungwa, kwa sababu hewa yenye sumu haina harufu na shimo ndiyo chupa yake. Kila mtu ajue upande wake wa kulenga, na bunduki zitolewe risasi kabla ya mtu yeyote kupanda ngazi.

Msimu ukiisha, zibueni kizibo, funikeni shimo kwa mbao nzito na simikeni bendera pembe zote nne, ili dereva wa trekta alione wakati wa kupanda. Mwezi Machi mtakapokwenda kupima maji mtawakuta korongo kwa maelfu katika mabua hayohayo; Nebraska hairuhusu kuwawinda, kwa hiyo nendeni mchana, bila bunduki, mkiwa na fimbo ya kupimia tu.