Niondoleeni mashine jukwaani

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: ukiandika tamthilia ya mtu anayesafiri kurudi katika kumbukumbu zake mwenyewe, utamsafirisha kwa chombo gani? Mimi sitampa chombo. Milango inayofuka moshi, saa kubwa zinazozunguka kinyumenyume, ngurumo za vipaza sauti, vyote hivyo vibaki stoo. Nitakayemsafirisha ni mtazamaji, na kazi hiyo nitaifanya kwa kupanga tu kipi kitangulie na kipi kifuate.

Hili nimejifunza kwa J. B. Priestley, katika tamthilia yake ya mwaka 1937, "Time and the Conways". Ina sehemu tatu. Ya kwanza ni mwaka 1919. Vita vimekwisha, na familia ya Conway inasherehekea binti yao Kay kutimiza miaka 21. Vijana wamejivika nguo kuukuu za kujigeuza, wanacheza michezo ya kufumbiana maneno kwa kuigiza, na kila mmoja ana ndoto zake. Kisha mama anakwenda kuimba chumba cha pili, wengine wanamfuata, na Kay anabaki peke yake dirishani, gizani. Pazia linafungwa. Linapofunguliwa, Kay yuko palepale dirishani. Kaka yake Alan anaingia, taa inawashwa, na ndipo tunagundua kwamba sasa ni mwaka 1937, na mwanamke huyu ana umri wa miaka 40 hivi. Fedha za familia zimekwisha, ndugu wanachukiana, Robin aliyekuwa kipenzi cha mama amezama katika ulevi, na Carol, kitinda mimba wao, alishafariki miaka mingi iliyopita.

Watunzi wengi wangeishia hapo. Priestley anaturudisha 1919, usiku uleule, mama hata hajamaliza wimbo wake. Na katika sehemu hii ya tatu hakuna tukio kubwa linalotokea! Mama anawatabiria wanawe neema tupu. Carol anaeleza kwa furaha yote anayotaka kuyafanya, na kwamba la muhimu ni kuishi. Angeyasema maneno hayo katika sehemu ya kwanza, tungetabasamu na kuyasahau. Sasa yanachoma, kwa sababu katika muda wa saa moja hivi mtunzi ametupandikizia kumbukumbu ya mambo ambayo vijana hawa bado hawajayaishi. Tumekaa vitini tukiwakumbuka watu walio hai mbele yetu. Sijui mashine gani ingeweza kunifikisha hapo.

Najua kwamba Priestley alivutiwa na mawazo ya J. W. Dunne, mhandisi wa ndege aliyechapisha mwaka 1927 kitabu cha kudai kwamba jana, leo na kesho zipo zote kwa pamoja. Nadharia hiyo siiamini, na kwa maoni yangu mchezo haukuihitaji.

Suala gumu zaidi ni mwili wa msafiri. Mtu mzima akirudi utotoni, nani amwigize mtoto? Wapo watakaotafuta mtoto halisi, na mtu mzima asimame pembeni akimtazama. Thornton Wilder alikataa njia hiyo katika "Our Town" ya mwaka 1938, nami namuunga mkono kwa moyo wote. Emily amekufa akijifungua. Anaruhusiwa kuirudia siku moja ya maisha yake, na anachagua siku alipotimiza miaka 12. Mwigizaji ni yuleyule tuliyemwona akiolewa na kuzikwa. Mama yake anaandaa kifungua kinywa kwenye jiko ambalo halipo. Mikono inakwenda, lakini hakuna sufuria wala moto. Anamhimiza binti yake atafune taratibu. Emily anamsihi mama amtazame, amtazame kweli, dakika moja tu, na mama anaendelea na shughuli zake kwa sababu kwake hii ni asubuhi kama asubuhi nyingine. Emily anashindwa kuvumilia, anaomba arudishwe makaburini. Kinachomvunja ni kuishi tukio na kulitazama kwa wakati mmoja. Tukimgawa kwa waigizaji wawili, mmoja aishi na mwingine atazame, maumivu hayo yanapotea.

Na hivyo ndivyo kumbukumbu zilivyo. Mwaka 1983 wanasaikolojia Nigro na Neisser waliandika kwamba kuna kumbukumbu tunazoziona kwa macho yetu, na nyingine ambazo tunajiona wenyewe kwa nje, kama watu wengine. Mimi nakumbuka nilivyoanguka kutoka juu ya mti nikiwa mdogo, na katika kumbukumbu hiyo namwona mtoto akianguka, namwona hadi mgongo wake. Haiwezekani niliona hivyo. Picha hiyo niliijenga baadaye, na bado inanitetemesha.

Kwa hiyo mwongozaji wa mchezo wangu nitamwomba asiweke taa ya buluu wala muziki wa polepole kila mbinu rejeshi, yaani kurudi katika yaliyopita, inapoanza. Ishara iwe ndogo. Katika "Death of a Salesman" ya mwaka 1949, Arthur Miller aliweka sharti moja rahisi: mambo yakiwa ya sasa, waigizaji wanaheshimu kuta zisizoonekana za nyumba na kupita mlangoni, mhusika mkuu Willy Loman akizama katika yaliyopita, wanazivuka kuta hizo kana kwamba hazipo. Hatua moja ya mguu, na miaka mingi imerukwa. Hadhira inalielewa hilo bila kuambiwa.

Jambo moja nitamnyima mhusika wangu bila huruma, nalo ni uwezo wa kubadilisha yaliyopita. Najua wasomaji wengi wanaupenda mkasa wa aina hiyo. Lakini mtu akishaweza kurekebisha jana, ukumbi mzima unaanza kupiga hesabu: akimzuia huyu asitoke, yule hatazaliwa, akiichoma barua ile, ndoa itapona. Kay hapati nafasi hiyo. Katika sehemu ya tatu anahisi jambo baya asiloweza kulieleza, anaanza kulia, anamwomba Alan amwambie kitu ambacho anaamini Alan anakijua. Alan bado hakijui. Maneno ya kumfariji ameshayasema, tumemsikia sisi, ila ameyasema mwaka 1937, na dada yake anayahitaji sasa hivi.