Kwa msaidizi mpya wa kisheria: anza na daftari

Kila tunapopokea kundi jipya la wasaidizi wa kisheria hapa Mombasa, swali la kwanza huwa ni lini wataanza kwenda mahakamani. La pili ni fulana. Nimejitolea katika kazi hii miaka mingi, kwenye kikundi cha mtaani ambacho hata bango mlangoni hakina, na jibu langu halijabadilika: kaa kitako kwanza, ujue waliokutangulia walipitia nini.

Mfano wangu ni MUHURI, shirika la kutetea haki za binadamu, ingawa sijawahi kuajiriwa huko. Jina ni ufupisho wa maneno ya Kiingereza, Muslims for Human Rights, lakini Mswahili akilisikia hufikiria ule muhuri unaogongwa kwenye karatasi, na kwangu mimi maana hiyo ya pili ndiyo inayofundisha zaidi. Shirika lilianzishwa mwaka 1997. Ndio mwaka wa vita vya Likoni: tarehe 13 Agosti kituo cha polisi kilivamiwa usiku, bunduki zikachukuliwa, na fujo zilizofuata zikaua watu zaidi ya 100 na kuwang'oa maelfu majumbani mwao, wengi wao watu wa bara. Kisha ukaja msako, na vijana wengi wa Pwani wakakamatwa na kupigwa. Anayeingia kazi hii bila kuyajua hayo hataelewa kwa nini mzee wa Likoni hunyamaza anapoulizwa jina na mgeni aliyeshika kalamu.

Jina la shirika limetaja Waislamu, lakini mlango wake ni wa yeyote aliyeonewa. Malengo yao ukiyatoa kwenye lugha ya ofisini ni haya: mtu asikamatwe ovyo wala kupotezwa, na pesa za umma zionekane zilikopita. Wageni hulipenda la kwanza kwa sababu lina vishindo. La pili huliona kazi ya karani, na hapo ndipo tunapotofautiana.

Mwaka 2007 MUHURI waliwaandaa wakazi wa Changamwe kukagua miradi ya CDF, ile hazina ya maendeleo ya maeneo bunge iliyoundwa kwa sheria ya 2003. Walikuja pia wanaharakati wa MKSS, chama cha wakulima na vibarua kutoka Rajasthan, India, waliokuwa na uzoefu wa kusoma hesabu za serikali mbele ya wanakijiji. Wakati ule Kenya haikuwa na sheria ya kupata habari. Faili ulipewa kwa kubembeleza na kusumbua. Zilipopatikana karatasi, wakazi wenyewe walifundishwa kuzisoma, wakaenda kwenye miradi kuona kwa macho, halafu wakaitisha baraza la hadhara ambako wahusika waliulizwa mbele ya watu.

Ninalolipenda katika njia hii ni kwamba haimhitaji wakili. Karatasi ikisema choo cha shule kimejengwa kwa mifuko kadhaa ya saruji, fundi wa mtaa atakizunguka mara moja, akwangue ukuta kwa ukucha, akwambie kama hesabu inaingia. Mama anayepanga foleni ya maji anajua bomba lililoandikwa "limekamilika" lilitoa maji lini mara ya mwisho. Wewe kazi yako ni kuandika alichosema, tarehe, na mahali aliposimama. Wazee walishasema mali bila daftari hupotea bila habari. Hata haki ni vivyo hivyo.

Nyinyi mna bahati ambayo wao hawakuwa nayo. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa raia haki ya habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inamtaka ofisa ajibu ndani ya siku 21, au saa 48 ikiwa habari inahusu uhai au uhuru wa mtu. Andika barua nakala mbili. Moja iache, nyingine usiondoke nayo kabla haijagongwa muhuri wa kupokelewa. Karani atakwambia "acha tu, nitampa bosi". Kaa. Agiza chai ikibidi. Barua isiyo na muhuri haijawahi kuandikwa. Siku zikipita kimya, nakala yako ndiyo utakayoipeleka Tume ya Haki ya Utawala.

Daftari la pesa zenu nalo liwe safi. Aprili 2015, baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, serikali iliyaweka MUHURI na Haki Africa, shirika jingine la haki za binadamu, kwenye orodha ya washukiwa wa kufadhili ugaidi, akaunti zao zikafungwa. Ilikuwa Novemba mwaka huohuo ndipo Mahakama Kuu ya Mombasa ilipoamuru zifunguliwe. Fikiria miezi yote hiyo: pango, umeme, na watu wanaoendelea kubisha hodi. Kwa hiyo nikikudai risiti ya boda ya shilingi mia, usinione bahili.

Sasa aibu yangu mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza, mama mmoja alikuja na picha ya mwanawe ndani ya mfuko wa nailoni. Kijana alikuwa amechukuliwa usiku uliopita. Nikaenda naye kituoni moto moto, nikamsomea ofisa wa kaunta Kifungu cha 49 kwa sauti, kwamba aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Tukatolewa nje. Nilikuwa nimesahau kuuliza nambari ya OB, lile daftari la matukio la kituo cha polisi, sikuandika jina wala nambari ya ofisa, sikuandika hata saa tuliyofika. Wakili nilipompigia aliniuliza hayo matatu tu, na kwa yote sikuwa na jibu. Kijana alikaa ndani siku nne, na tulipotaka kulalamikia hizo siku hatukuwa na cha kuonyesha.

Yule mama hakunilaumu. Alinunua daftari la kurasa 32, lile la watoto wa shule, akaanza kuandika mwenyewe. Miezi kadhaa baadaye alirudi na jirani yake aliyekuwa analia, mume wake amekamatwa. Nilipofungua mdomo kuuliza, alinisukumia daftari mezani: saa waliyofika, ofisa aliyekuwa kaunta, nambari ya OB, na chini yake, kwa herufi kubwa, "WAMEKATAA ASIMUONE."

Nilichobakiwa nacho ni kumpigia wakili.