Magazijuto na majuto yake

Binti yangu alipofika kwenye hesabu za matendo mchanganyiko nilimrithisha kile nilichorithishwa mimi: MAGAZIJUTO. Mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Alilikariri jioni moja, akawa analiimba mpaka bafuni, nami nikajiona mwalimu.

Kesho yake nikamwandikia 10 − 4 + 3. Akajibu 3. Nikamwambia amekosa, jibu ni 9. Akanitazama kama mtu aliyedhulumiwa. "Baba, si ulisema kujumlisha kunatangulia kutoa? 4 na 3 ni 7. 10 toa 7 ni 3."

Alikuwa amefuata nilichomwambia, herufi kwa herufi. Aliyekosea ni mimi. Kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja, na lililo kushoto ndilo linaloanza. Kugawanya na kuzidisha ni hivyo hivyo. Neno letu halisemi hayo, linapanga foleni ya watu watano wakati ngazi ni tatu tu: mabano, kisha gawanya na zidisha pamoja, kisha jumlisha na toa pamoja. (Vipeo, kama ile 2 ndogo ya juu kwenye 5², vikija baadaye, vinaingia kati ya mabano na hiyo ngazi ya pili.)

Usiku ule nililichunguza neno lenyewe. Ajabu ni kwamba GAZI haidanganyi. Ukigawanya kwanza kila mara, jibu la mwisho halipotei. Sanasana utajitesa, kama kwenye 3 × 4 ÷ 6, ambapo ukianza na 4 ÷ 6 unaangukia kwenye namba ya sehemu, 4/6, bila sababu, wakati ukitoka kushoto ni 12 ÷ 6, yaani 2. Balaa lote liko kwenye JUTO. Lingekuwa MAGAZITOJU watoto wengi wangepona, ingawa kulitamka ni kazi.

Kwa hiyo tukaliweka neno kando, tukarudi kwenye swali ambalo nilipaswa kuanza nalo: kwa nini kuzidisha kutangulie hata kidogo? Nilimwekea mezani penseli 2, na pembeni pakiti 3 zenye penseli 4 kila moja. Zote ni ngapi? Alisema 14 bila hata kushika kalamu. Ndipo nikaandika 2 + 3 × 4. Akaanza kutoka kushoto: 2 na 3 ni 5... akasita. Tano za nini? Penseli 2 ukizijumlisha na pakiti 3 hupati 5 za kitu chochote. Lazima pakiti zifunguliwe kwanza, na kufungua pakiti ndiko kuzidisha: 3 × 4 ni ufupi wa 4 + 4 + 4. Tangu hapo, akijisahau, huwa namuuliza tu, "Umefungua pakiti?"

Baada ya hapo nilimwonyesha ukuta. Kila alama ya + au − iliyo nje ya mabano ni ukuta unaokata hesabu vipande. Chukua 20 − 6 ÷ 2 + 4 × 3. Vipande ni vitatu: 20, halafu 6 ÷ 2, halafu 4 × 3. Kila kipande kinamalizwa ndani ya kuta zake, tunabaki na 20 − 3 + 12, kisha tunatembea kutoka kushoto: 17, halafu 29. Alama ni mali ya namba iliyo kuliani kwake. Ile − inaishika 3 peke yake, 12 haimhusu. Anayefuata JUTO hapa anajumlisha 3 na 12 na kuishia kwenye 5. Kutoka 29 hadi 5, kwa sababu ya silabi mbili.

Usiache pia mtoto aandike 4 × 3 = 12 + 20 = 32 − 3 = 29. Jibu la mwisho ni sahihi, lakini mstari mzima ni uongo, maana 4 × 3 si sawa na 32. Mtoto anayeitumia alama ya = kama "halafu" atateseka kwenye aljebra. Hatua moja, mstari mmoja. Hapa mimi huwa mkali.

Vikokotoo navyo vinachanganya. Kile kidogo chenye matendo manne tu, ukibonyeza 2 + 3 × 4, mara nyingi kinakupa 20, kwa sababu kinakokotoa kila unapobonyeza. Cha kisayansi kinakupa 14. Binti yangu alifurahi kupita kiasi kuona mashine imekosea.

Mabano nilidhani yatakuwa magumu, kumbe yalikuwa mchezo. Usimpe hesabu yenye mabano tayari. Mpe isiyo nayo, ayaweke mwenyewe ili jibu libadilike. Nilimpa 8 − 3 + 2 × 2, ambayo ilivyo ni 9. Akapata 14 kwa (8 − 3 + 2) × 2. Akapata 1 kwa 8 − (3 + 2 × 2). Kisha akaandika 8 − (3 + 2) × 2, akafika 8 − 10, akainua kichwa. "Baba, hii imeenda chini ya sifuri. Inaruhusiwa?"

Chai yangu ilikuwa imeshapoa, nikavuta karatasi nyingine na kuchora mstari wa namba.