Kaa wa Malindi: msimu si hoja sana

Ukiuliza kama kununua kaa Malindi ni lazima ungoje kaskazi, msimu bahari inapotulia, jibu ni hapana. Upepo mkali wa kusi huwazuia wavuvi wa bahari kuu, lakini kaa koko anaishi kwenye matope ya mikoko na hutolewa shimoni maji yakitoka, kwa hiyo utampata mwaka mzima. Cha kuangalia ni gamba. Aliyejivua gamba karibuni ni mkubwa kwa macho tu, ndani ni maji. Mnyanyue: awe mzito kuliko umbo lake. Kisha mbonyeze chini, karibu na miguu, pakibonyea, mrudishe. Gamba linalong'aa kama sahani mpya nalo si dalili nzuri, mimi hutafuta lililochakaa, lenye mikwaruzo. Nasema haya kwa kuwa nimekulia nyumba ya muuza kaa, na wageni ndio waliokuwa wakiuziwa wale wepesi.

Dume ana kifuniko chembamba tumboni na magando makubwa, huko ndiko kwenye nyama. Jike kifuniko chake ni kipana, cha mviringo. Akiwa amebeba mayai nje, mwache.

Nunua aliye hai, amefungwa magando. Aliyekufa huharibika upesi mno, hata bei iwe ya kutupa.

Ukiwa Malindi, shuka hadi hori ya Mida, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, upande wa Watamu. Pale Dabaso wana mkahawa juu ya mikoko, na sambusa zao za kaa zinajulikana. Ila mimi ningeagiza mzima, wa nazi, nile kwa mikono.