Vipandikizi vya matiti: "Nimeambiwa vya kizazi kipya ni vya maisha"

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 34 na watoto wawili, wa mwisho nimemwachisha ziwa miezi miwili iliyopita. Matiti yamepungua sana upande wa juu na chuchu zinaangalia chini. Wakala wa hospitali moja ya Istanbul amenishauri niwekewe vipandikizi vya silikoni vya cc 400, vya umbo la tone la maji, vyenye ganda linalokwaruza ili visihame. Anasema hivi vya kizazi kipya havipasuki, vina dhamana ya maisha, na nikishawekewa sitahitaji kumwona daktari tena. Rafiki yangu ana cc 400 na amependeza. Nikubali? Na nikijaliwa mtoto mwingine nitaweza kunyonyesha? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Marahaba, dada. Usitume hata senti ya kushikia nafasi. Sina ugomvi na Istanbul, kule kuna mabingwa wazuri, na silikoni ya leo imeiacha mbali ile ya zamani. Ugomvi wangu ni na hayo maneno "ya maisha". Wanawake wengi wanaoniuliza kuhusu matiti wameshaambiwa hivyo hivyo, na karibu kila mara aliyewaambia analipwa kamisheni.

Hakuna kipandikizi cha titi cha maisha. Si cha Marekani, si cha Ulaya, si cha bei ghali. Mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, FDA, tangu Oktoba 2021 imelazimisha onyo hilo liandikwe ndani ya fremu kwenye maelezo ya kila kipandikizi, na mgonjwa apitishwe na daktari kwenye orodha ya hatari, kipengele kwa kipengele, kabla ya kukubali upasuaji. Dhamana aliyokutajia wakala ni ya bidhaa. Kikipasuka, kiwanda kinakupa kingine, pengine na kiasi fulani cha fedha kwa miaka ya mwanzo. Nusu kaputi, chumba cha upasuaji, ada ya daktari, tiketi ya ndege na wiki za kukaa bila kumbeba mtoto, kwa kawaida vinabaki juu yako. Omba karatasi ya dhamana uisome mwenyewe.

Kilichoboreshwa kweli ni ganda na jeli. Vipandikizi vya jeli vilianza Houston, Texas, mwaka 1962. Vya miaka ya 1970 vilikuwa na ganda jembamba na jeli nyepesi, likitoboka ganda silikoni inatiririka. Mwaka 1992 Marekani ikavizuia kwa wanaotaka kuongeza matiti tu, na haikuviruhusu tena hadi Novemba 2006. Vya leo vina tabaka ndani ya ganda la kuzuia jeli isipenye, na jeli yenyewe imeshikamana: ukikikata kipandikizi katikati inabaki imesimama kama ugali mgumu. Hapo ndipo wakala anapochukua lile neno "havipasuki".

Ganda linapasuka, dada. Tofauti ni kwamba mwanzoni jeli kwa kawaida haiendi popote. Mwili umeshakizungushia kipandikizi utando wa kovu, jeli inabaki humo humo, umbo ni lile lile na mkono haugusi kitu kipya. Mara nyingi huumwi wala huvimbi. Kipandikizi cha maji ya chumvi kikitoboka, titi linasinyaa ndani ya siku chache na mwenyewe unaliona kwenye kioo. Cha jeli kinanyamaza. Kwa hiyo uimara wa jeli ndio unaoficha kupasuka, na anayekuambia usirudi hospitali kwa sababu jeli ni nzuri amegeuza mambo juu chini. Ninasisitiza hapa kwa sababu silikoni iliyokaa muda mrefu nje ya ganda lake inaweza kupenya utando, ikaingia kwenye tishu za titi na tezi za kwapani, na hapo upasuaji wa kuitoa unakuwa mrefu na mgumu.

Ganda huharibika kwa njia zinazojulikana. Linachoka pale linapokunjika mahali pale pale kila siku, hasa likiwa kwenye mfuko, yaani nafasi aliyoifungua daktari ndani ya titi, mwembamba kuliko upana wake. Linaumia siku ile ile ya upasuaji, likisukumwa kwa nguvu kupitia tundu dogo au likiguswa na ncha ya sindano ya kushonea. Ndiyo maana mtu anayejisifu kuwa atakuachia alama ya sentimita mbili kwa kipandikizi kikubwa cha jeli hanifurahishi. Kipandikizi cha maji ya chumvi huingia kikiwa kitupu, kinajazwa ndani, kwa hiyo sentimita tatu zinatosha. Cha jeli kwa kawaida kinataka nne hadi tano.

Ukiweka jeli, hesabu picha za maisha pia. FDA inashauri ultrasaundi au MRI (picha ya mashine ya sumaku) miaka mitano hadi sita baada ya upasuaji hata kama huna dalili, kisha kila miaka miwili hadi mitatu. Mamografia ya kutafuta saratani inaendelea kwa ratiba yake, lakini haitegemewi kuonyesha kupasuka kwa ndani. Ukienda, mwambie mpiga picha kabla hajaanza: titi lenye kipandikizi hupigwa picha nne badala ya mbili, na katika mbili kati ya hizo kipandikizi husukumwa nyuma ili titi lenyewe lionekane. Kuna vipandikizi vyenye chipu ndogo inayosomwa kwa kifaa kutoka nje. Chipu hiyo inatoa namba ya kipandikizi tu, haijui kama ganda limepasuka, na kwenye MRI inaacha kivuli.

Ganda la kukwaruza ndilo linalonishangaza zaidi kusikia bado linasifiwa hivi. Lilibuniwa ili tishu zishike, kipandikizi kisizunguke, na kovu lisikaze. Baadaye likaonekana kuhusiana na limfoma, saratani ya chembe za kinga inayoota kwenye ule utando wa kovu. FDA ilitoa tahadhari ya kwanza mwaka 2011, Shirika la Afya Duniani likaitambua kama ugonjwa wa peke yake 2016. Aprili 2019 Ufaransa ikapiga marufuku maganda yenye mikwaruzo mikubwa. Julai mwaka huo kampuni ya Allergan ikaondoa aina yake ya Biocell sokoni dunia nzima, baada ya FDA kuhesabu wagonjwa 573 na vifo 33 duniani. Wagonjwa 481 kati ya hao walikuwa na vipandikizi vya kampuni hiyo. Ni ugonjwa wa nadra, na ukiwahiwa, kutoa kipandikizi pamoja na utando wote mara nyingi kunatosha. Aliye nacho na hana dalili hashauriwi kukimbilia kukitoa. Lakini mtu anayeanza leo sioni sababu ya kumwanzishia huko kwa titi la kuongeza tu.

Umbo la tone lina shida yake: likizunguka ndani, sehemu nene inakwenda pembeni na titi linapinda. La duara likizunguka hakuna anayejua. Ukisimama, jeli ya duara nayo hushuka kidogo, kwa hiyo kwa titi lililokwisha kunyonyesha na lenye ngozi ya kutosha, la duara lenye ganda nyororo linatosha mara nyingi. Katikati ya ganda nyororo na la kukwaruza siku hizi kuna maganda yenye mikwaruzo midogo sana, ya mikromita chache tu. Vipandikizi vya namna hiyo vya chapa ya Motiva, vinavyotengenezwa Costa Rica, vilikubaliwa Marekani Septemba 2024. Ni hatua nzuri, ila miaka ya kuvifuatilia bado ni michache.

Sasa hizo cc 400 za rafiki yako, yaani ujazo wa mililita 400. Namba hiyo haina maana mpaka utaje upana. Kipandikizi cha cc 400 kilichoinuka sana kina upana wa takribani sentimita 12. Kilicholala, cc 400 zile zile, kinakaribia 14. Daktari anayejua kazi anaanza na upana wa titi lako, kutoka karibu na mfupa wa kifua hadi pembeni, akipima kwa kalipa, kifaa cha kupimia upana, na si kwa macho. Tuseme amepata sentimita 12.5. Kipandikizi chako basi kiwe kama 11.5 hadi 12, kwa sababu nyama yako nayo inachukua nafasi. Ukiingiza cha 14 humo, kitakwenda kwapani kikugongane na mkono, au kitasogea katikati matiti yakutane. Baada ya upana ndipo anachagua kimo, na cc zinakuja zenyewe mwisho.

Kipimo cha pili ni kubana. Anabana ngozi na nyama sehemu ya juu ya titi kati ya vidole na kupima unene. Ikiwa chini ya sentimita mbili, kipandikizi kikiwekwa juu ya msuli kingo zitaonekana na utaona mikunjo kama mawimbi, kwa hiyo sehemu ya juu inafunikwa na msuli wa kifua na ya chini inaachwa chini ya titi. Gharama yake ni maumivu zaidi wiki ya kwanza, na titi kucheza kidogo unapokaza kifua. Wewe uliyepungua upande wa juu huenda ukaangukia huku. Cha tatu ni umbali kutoka chuchu hadi mkunjo wa chini ya titi, ngozi ikiwa imevutwa, maana hapo ndipo panapoonyesha ngozi inaweza kubeba kiasi gani. Ukizidisha uzito, miaka inavyokwenda ngozi ya chini inatanuka, kipandikizi kinateremka chini ya mkunjo, na chuchu inaangalia juu. Titi lenyewe linakondeshwa na mgandamizo, na hilo halirudi hata ukitoa kipandikizi.

Halafu umesema chuchu zinaangalia chini. Simama mbele ya kioo bila sidiria utazame usawa wa mkunjo. Ikiwa chuchu ziko chini ya usawa huo, kipandikizi hakitazinyanyua. Kitajaa juu na titi litaning'inia mbele yake. Unahitaji kunyanyuliwa titi, pamoja na kipandikizi au bila. Wakala hakukutajia hilo kwa sababu hakukupima. Na miezi miwili baada ya kuachisha ni mapema mno: subiri angalau miezi mitatu, afadhali sita, titi litulie na maziwa yakauke kabisa, ndipo upimwe.

Kuhusu kunyonyesha, wengi wanaweza. Tundu kwenye mkunjo wa chini ndilo linalogusa mirija ya maziwa kidogo zaidi. La kuzunguka weusi wa chuchu linakata karibu na mirija, tena linapitisha kipandikizi kwenye bakteria wanaoishi humo, na bakteria hao ni moja ya sababu zinazofanya kovu likaze baadaye mpaka titi liwe gumu na kuuma. Kama unapanga mimba karibuni, zaa kwanza. Ujauzito utalibadilisha titi hata uwe umelipa kiasi gani.

Ukiamua kuendelea, popote pale, dai mambo haya: jina la kiwanda, aina, namba ya mfululizo na ujazo, kwa kila titi, kwenye kadi utakayoondoka nayo, pakiti ifunguliwe chumba cha upasuaji, na stika yake ibandikwe kwenye faili lako, na daktari ambaye jina lake unaweza kulithibitisha kwenye baraza la madaktari la nchi yake kama bingwa wa upasuaji wa plastiki. Ukivuta sigara, acha angalau wiki nne kabla. Jambo ambalo mawakala hawalisemi ni nani atakuhudumia Dodoma ukipata usaha wiki ya pili. Mpate daktari huyo kabla ya kupanda ndege, umwonyeshe mpango mzima. Ukimkosa, usiende.

Karatasi peke yake nazo hazitoshi. Vipandikizi vya kampuni ya PIP ya Ufaransa vilikuwa na cheti cha Ulaya na viliuzwa nchi nyingi kwa miaka, mpaka 2010 ilipogundulika vimejazwa silikoni ya viwandani isiyoruhusiwa mwilini. Mwenye kampuni alihukumiwa kifungo mwaka 2013, lakini kwa wanawake wengi kilichofuata kilikuwa kupasuliwa tena. Bei ya chini mno kwa kifaa cha kuishi nacho kifuani ni swali la kuuliza kabla ya kufurahia.

Na ninyi mnaoshindwa bei ya Istanbul mkageukia "sindano ya matiti" saluni au kwa mtu anayekuja nyumbani, sikilizeni vizuri. Silikoni ya maji haichomwi kwenye titi. Ikiingia kwenye mshipa inaenda kwenye mapafu na inaweza kuua siku ile ile. Isipoingia, inatawanyika, inafanya vinundu vigumu, na hakuna daktari duniani anayeweza kuinyonya yote. Saratani ikiota katikati ya vinundu hivyo, picha inaweza isiione. Jeli ya poliakrilamaidi iliyowahi kuchomwa kwa wingi China ilipigwa marufuku huko mwaka 2006 kwa maafa ya namna hiyo hiyo. Krimu na pampu za kuvuta hazitakupa titi, ingawa angalau hazikuachi na sumu kifuani.

Aliyeshachomwa asibinye vinundu wala asikubali "sindano ya kuyeyusha". Aende hospitali yenye MRI akasema wazi alichomwa nini na lini. Na aliye na kipandikizi cha zaidi ya mwaka mmoja, titi moja likivimba ghafla au kuotesha uvimbe, asiridhike na dozi ya antibayotiki. Maji yaliyojaa kuzunguka kipandikizi yavutwe kwa kuongozwa na ultrasaundi, yapelekwe maabara yote, si matone mawili, na kwenye fomu daktari aandike kipimo cha CD30, kinachotafuta ile limfoma niliyoitaja.