Jua Valvu Zako Kabla Bomba Halijapasuka

Muulize mpangaji wa fleti Umoja au Roysambu, hapa Nairobi, maji ya nyumba yake hufungiwa wapi, naye atakwambia, "Hebu muulize keateka." Swichi kuu ya stima anaijua vizuri, kwani stima ikipotea ndiyo anayoikimbilia. Valvu ya maji haina umaarufu huo. Iko nyuma ya mlango wa choo, au chini ya sinki nyuma ya mitungi ya akiba, au juu kabisa kwenye paa, imepangwa na nyingine kumi zisizo na jina wala namba.

Nimepanga nyumba Eastlands kwa miaka mingi, na siku hizi namsaidia shangazi yangu kuangalia ploti yake Donholm. Ukweli niliouona huko kote ni mmoja: valvu isiyozungushwa huwa haifungi siku inapohitajika. Mama mmoja wa ghorofa ya tatu alipasukiwa usiku na ule mpira uliosukwa waya unaopeleka maji kwenye mfereji wa sinki. Valvu ndogo ilikuwepo pale pale chini ya sinki, lakini ilikuwa imeganda tangu jengo lijengwe. Keateka alikuwa ameenda ushago na ufunguo wa paa. Maji yaliteremka ngazi yakaingia kwa jirani wa chini, na yalikoma tangi la paani lilipokauka. Kesho yake ploti nzima ilikuwa haina tone, na zamu ya mgao bado iko mbali.

Tangu hapo, kila valvu ya paani pale Donholm ina namba ya nyumba iliyopakwa kwa rangi ya mafuta. Karatasi na tepu tulijaribu, jua likavimaliza. Ukihamia nyumba mpya, panda na keateka siku ya kwanza, afunge ile anayodai ni yako, na mtu aliye chini afungue mfereji ahakikishe. Usikubali neno tupu. Makeateka hubadilika, na kila mmoja huondoka na ramani yake kichwani.

Ili usichanganyikiwe, fuata maji yanavyoingia. Barabarani kuna bomba la kampuni ya maji, kisha kisanduku cha mita. Kilicho kabla ya mita ni cha kampuni, na kuchezea mita ni kosa la kisheria, kwa hivyo waachie wenyewe. Baada ya mita ndipo upande wako unapoanza, na hapo panafaa pawe na valvu yako kuu. Katika majengo mengi maji huingia kwenye tangi la chini, pampu ikayapandisha tangi la juu, kisha yakateremka kwa uzito wake hadi kwenye mifereji. Wengi hukwama hapa. Unaweza kufunga valvu ya mita hadi mwisho, na bomba la jikoni liendelee kumwaga, kwa kuwa maji yake yanatoka paani. Bomba la nusu inchi lililoachama linaweza kumwaga lita 15 kwa dakika, na kwa mwendo huo tangi la lita 1,000 huisha kwa saa moja na dakika chache. Kwa hivyo ziko valvu mbili za kujua: ya maji yanayoingia na ya maji yanayoshuka.

Baada ya hizo kuna ndogo ndogo: moja chini ya kila sinki, moja kando ya tangi la choo, moja ukutani kabla ya shawa. Hizi hukuwezesha kurekebisha choo bila kuwanyima wengine maji ya kupikia.

Valvu zenyewe si za aina moja. Geti valvu ni ile yenye gurudumu dogo la kuzungusha mara nyingi. Ndani yake kipande cha chuma hushuka kikaziba njia, na kazi yake ni mbili tu, kuwa wazi kabisa au kufungwa kabisa. Ukiiacha nusu, maji hupita kwa kasi chini ya kile kipande, hukitikisa, hukila ukingo, na siku utakapotaka ifunge itakuwa inapitisha. Valvu ya mkono hufungwa kwa robo mzunguko. Mkono ukilala sambamba na bomba iko wazi, ukikaa msalaba imefungwa, na hata mtoto akitumwa gizani na tochi ya simu ataitambua. Stopkoki ina washa ndani, kile kipande laini cha kuziba, na mshale ubavuni unaoonyesha maji yaendako. Ikiwekwa kinyume na mshale, huenda isipitishe maji kabisa, kwa hivyo ukiona fundi anaiweka bila kuutazama mshale, mzuie.

Sasa tuje kwenye shawa ya umeme, maana karibu kila bafu la Nairobi linayo. Maji yakipita polepole huwa moto zaidi, na watu wamejifunza kutafuta joto wanalotaka kwa kuzungusha valvu ya ukutani kila asubuhi. Hiyo ni sawa kama ukutani kuna stopkoki, kwa kuwa imeumbwa kuhimili kupunguza na kuongeza. Mara nyingi lakini fundi ameweka geti valvu, pengine ndiyo aliyobaki nayo mkobani, na ndiyo maana inakufa mapema kuliko zote nyumbani. Ukibadilisha, dai stopkoki. Na ukitaka kugusa chochote hapo, zima kwanza swichi ya shawa. Usiwahi kufunga maji shawa ikiwa imewashwa ukitarajia ijizime yenyewe.

Wenye hita ya jua au boila, valvu ya kufungia ikae kwenye bomba la maji baridi yanayoingia. Kwenye bomba la kupumulia mvuke, au kati ya hita na valvu yake ya usalama, isiwekwe valvu ya kufunga hata moja. Fundi anayetaka kuweka hapo, lipa nauli yake aende.

Ukisoma makala za Ulaya na Marekani utaona wanahangaika na maji kuganda ndani ya bomba na kulipasua. Julai yetu ina baridi, lakini haijafika huko. Kinachotuharibia valvu sisi ni mgao. Sehemu kubwa ya maji ya jiji hutoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, na mitaa hupewa kwa zamu. Bomba likikaa tupu kwa siku kadhaa, maji yanaporudi husukuma hewa mbele na kuburuta kutu na mchanga. Ndiyo sababu maji ya kwanza huja yakiwa ya hudhurungi. Mchanga huo hutulia pale kipande cha geti valvu kinapopaswa kukaa, na mwishowe gurudumu linafika mwisho lakini maji bado yanapita. Kabla ya kuitupa, ifungue na kuifunga mara kadhaa huku mfereji wa chini kabisa ukiwa wazi, maji yausukume uchafu utoke. Mara nyingi inapona.

Mgao una mtego mwingine. Unafungua mfereji asubuhi, unakoroma hewa tu, unaondoka kwenda kazini ukiwa umeuacha wazi. Mchana maji yanarudi, sinki lina vyombo vimeziba tundu, na hakuna mtu nyumbani. Siku ambazo mifereji ni mikavu, funga valvu ya maji yanayoshuka kabla hujatoka mlangoni. Inayoingiza maji kwenye tangi iache wazi, la sivyo zamu yenu itapita na tangi likiwa tupu. Hiyo ya tangi inalindwa na boya, linaloelea na kufunga maji tangi likijaa, na boya nalo likichoka utaona paa linachuruzika na bili inapanda. Ndiyo sababu kabla ya boya panatakiwa valvu, uweze kulibadilisha bila kungoja maji yapotee mtaani.

Utunzaji wenyewe hauchukui muda. Shule zikifungwa Aprili na tena Agosti, mimi huzunguka na kufunga kila valvu hadi mwisho, kisha kuifungua. Natumia mkono tu. Ikiwa imekaza, natia mafuta ya kulegeza kutu pale mti wa gurudumu, kile kijiti kinachoingia ndani ya valvu, unapotokea, naiacha usiku kucha, halafu naipeleka kidogo mbele na kidogo nyuma hadi ilegee. Spana kubwa ya bomba isiguse gurudumu. Katika nyumba za zamani, kama zile za Buruburu zilizojengwa miaka ya 1970, ukikutana na mabomba ya chuma ambayo hayajawahi kubadilishwa, meno yake ya kuungia yameliwa na kutu. Ukilazimisha, kinachozunguka si gurudumu ila bomba lenyewe ndani ya ukuta. Na kabla ya kushughulikia valvu yoyote ngumu, hakikisha ile inayoitangulia kwenye njia ya maji inafunga.

Geti valvu ikishafunguka hadi mwisho, irudishe robo mzunguko ili isijikaze ikiwa wazi. Valvu ya mkono ifunge na kuifungua polepole, hasa maji yanaporudi baada ya mgao. Ukiibamiza, utasikia kishindo kikitembea ukutani, na kishindo hicho ndicho kinacholegeza viungo.

Tone likitoka kwenye mti wa gurudumu, usinunue valvu mpya bado. Chini ya gurudumu kuna nati ndogo inayokandamiza pakingi, ule uzi unaozunguka mti kuzuia maji. Shika mwili wa valvu kwa spana moja, kaza nati kwa nyingine kidogo sana kuelekea kulia, angalia, kaza tena. Tone likikoma, acha hapo. Ukizidisha, gurudumu litakuwa gumu kuzungusha. Likiendelea, funga valvu inayoitangulia, fungua nati, sokota ile tepu nyeupe ya mafundi iwe kama uzi, zungushia mti, kisha rudisha nati.

Kuna siku kubadilisha hakuepukiki: mwili una ufa, shaba imebadilika rangi na kuwa nyekundu yenye vumbi jeupe, au umejaribu yote na bado inapitisha. Kwenye hadwea chukua mbili mkononi ulinganishe uzito. Nyepesi iache hata kama inang'aa. Mimi siku hizi nanunua za mkono kwa valvu kuu, kwa kuwa hata ukiwa na hofu utajua iko wazi au imefungwa. Kama mabomba yako ni yale ya plastiki yanayounganishwa kwa moto, mwambie fundi aweke yunioni, kiungo kinachofunguka kwa spana, kila upande wa valvu. Bila yunioni, kila ukiibadilisha lazima bomba likatwe, nalo linazidi kuwa fupi.

Mita nayo itakusaidia. Funga mifereji yote, ngoja tangi lijae na boya lifunge, kisha tazama kigurudumu kidogo kwenye uso wa mita. Kikizunguka, maji yanapotea mahali. Funga valvu yako kuu utazame tena. Bado kinazunguka? Uvujaji uko ardhini kati ya mita na valvu, au valvu haifungi. Kimetulia? Tatizo liko kwenye tangi au mabomba ya ndani. Kumbuka choo kinachovuja kwa siri chini ya tangi la paani hutaonyeshwa na mita papo hapo; mimina chai ya rangi ndani ya tangi la choo, usiivute, na baada ya nusu saa uangalie bakuli kama limeshika rangi.

Kwa mpangaji, valvu kuu na za paani ni jukumu la mwenye nyumba, na mwandikie kwa ujumbe wenye picha badala ya kumwambia ngazini. Za chini ya sinki wengine hujirekebishia na kukata kwenye kodi, mkubaliane kwanza.

Kabla hujamtumia fundi pesa kwa M-Pesa, mwambie afungue maji yote, afunge na kufungua valvu mpya ukitazama, kisha pitisha karatasi ya shashi kavu kwenye kila kiungo alichogusa. Ikilowa popote, hajamaliza.